Nyumba Mbili za Mwinyijuma

Mwinyijuma bin Sadalla alikuwa mpishi wa shughuli, na miaka ile ya hamsini hapakuwa na mtu wa Chumbageni aliyeoza binti au kumfanyia mzee wake arobaini bila kumpelekea yeye habari kwanza. Wali wake haukushikana wala haukuungua, hata ukipikwa kwenye sufuria ambayo watu wanne hushindwa kuinyanyua. Mkono alijaliwa. Kilichomharibia mambo ni ulimi, maana akisimama mbele ya moto na watu wamemzunguka, maneno humtoka kama povu la wali unaochemka. Watu husema mdomo uliponza kichwa. Wa Mwinyijuma uliponza nyumba, tena kwa neno lenyewe hilo, nyumba.

Alikuwa na wake wawili. Mkubwa, Mwanamkasi, ndiye aliyejenga naye pale Chumbageni mara tu baada ya vita. Mwanamkasi aliukanyaga udongo wa kuta zile kwa miguu yake mwenyewe, mtoto wao Safari yuko mgongoni. Ilikuwa nyumba kama nyumba zote za pale: vyumba vitatu huku, vitatu huku, na ukumbi wa kupita katikati, kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Wakaishi humo vizuri, mpaka Mwinyijuma alipoitwa kupika harusi Mwera, upande wa Pangani, akarudi na habari za Asmahani.

Kaka yake Asmahani, Haji, hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikubali posa kwa sharti moja, na akalisema mbele ya mashahidi: dada yake haingii nyumba ya mke mwenziwe. Atakuwa na nyumba yake na mlango wake. Mwinyijuma alikubali palepale, na njia nzima ya kurudi Tanga alijiuliza fedha za kujenga nyumba ya pili atazitoa wapi. Hakuzipata. Akafanya jambo ambalo mafundi wa Chumbageni hawajaacha kulicheka hadi leo. Alisimamisha ukuta katikati ya ukumbi, toka mbele mpaka nyuma, kisha akatoboa mlango wa pili barazani. Vyumba vitatu vikabaki vya Mwanamkasi na vitatu vikawa vya Asmahani, na ule ukumbi mpana ukawa vichochoro viwili ambavyo mtu mnene hupita ubavu. Sufuria yake kubwa ya harusi haikupita tena popote, ikawa inazungushwa kwa lango la uani. Ua wenyewe hakuweza kuugawa. Kisima kilikuwa kimoja, choo kimoja, na paa la madebe lilikuwa lilelile moja juu ya wote.

Haji alikuja, akaona mlango, akagonga ukuta kwa kiganja, akaridhika. Tangu siku hiyo mji mzima ukasema Mwinyijuma ana nyumba mbili. Hapakuwa na uongo ndani yake. Kwetu mtu hamtaji mkewe hovyo mbele ya watu, husema nyumba. Mwenye wake wawili ana nyumba mbili, kubwa na ndogo, hata kama wote wanalala chini ya paa moja. Kila mtu wa pwani analijua hilo, na kwa bahati mbaya aliyetumwa kuandika nyumba hakuwa mtu wa pwani.

Huyo alikuwa karani wa ofisi ya kodi, kijana Laurenti, aliyezaliwa milimani na kusomeshwa na mapadri. Kijana mwenye adabu, kaptula imepigwa pasi, hana baya na mtu. Alimtafuta Mwinyijuma kwake hakumkuta, akaelekezwa kwenye nyumba ya harusi mtaa wa pili. Akamkuta ameshika mwiko, jasho linamtiririka, wanaume wamekaa wakimenya vitunguu na kusikiliza porojo zake. Laurenti alimwamkia shikamoo, akamwuliza ana nyumba ngapi hapa mjini.

Mwinyijuma angekuwa amekaa kwenye kiti, kofia kichwani, pengine angetambua kwamba anaulizwa na serikali. Lakini pale motoni aliona ni kijana amekuja kujichanganya na wanaume. Akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wamenya vitunguu.

"Mbili, alhamdulillahi. Kubwa na ndogo, na zote ziko hapahapa Chumbageni."

Laurenti aliandika. Akauliza kama ile kubwa ni ya zamani. Mwinyijuma akasema ya zamani sana, lakini ukiitazama huwezi kujua. Wanaume wakacheka. Laurenti naye alitabasamu kwa heshima, akauliza na ile ndogo je, ina hali gani. Mwinyijuma akasema ile ndogo gharama yake ni kubwa kuliko ya kubwa, kila sikukuu inadai kitu kipya. Wakacheka tena, na mmoja nusura ajikate kidole. Laurenti aliandika hilo pia, au angalau aliinamisha kichwa kama mtu anayeandika, akashukuru, akaenda zake.

Juma lililofuata Mwinyijuma alikuwa Maramba kwenye shughuli ya watu wenye mashamba. Aliporudi alikuta vibati vya namba vimepigwa misumari juu ya milango yake, kimoja huku na kimoja huku, kila kimoja na namba yake. Laurenti alikuwa amepita, ameona milango miwili na ukuta katikati, na maneno ya mwenye mali anayo tayari mkononi. Angehitaji ushahidi gani mwingine?

Mwinyijuma alivitazama vibati vile asione tatizo. Wakeze walivipenda mno. Asmahani alikuwa ameshakisugua chake kwa majivu na ndimu mpaka kinang'aa, na Mwanamkasi, aliyekuwa hajali mapambo, alipoona cha mwenziwe kinang'aa akakisugua chake mara mbili. Kwa miaka yote saba tangu aolewe, Asmahani alikuwa anaishi na ule ukuta wa katikati kama mtu aliyeazimwa kitu. Sasa serikali yenyewe ilikuwa imeutambua mlango wake. Alimtumia Haji salamu Mwera kumwambia kwamba nyumba yake ina namba.

Kodi ilipokuja, zikaja karatasi mbili.

Mwinyijuma alisomewa na mwalimu jirani yake, akadhani moja imekosewa jina. Alipoelezwa kwamba zote ni zake, na kwamba asipolipa mali yake itakamatwa inadiwe, alicheka kwanza. Kisha akauliza mali gani. Alipotazama huku na huku akajua. Ndani mwake hapakuwa na kitu cha kunadi ila yale masufuria, na dalali akija ataanza na lile kubwa. Mpishi wa shughuli bila sufuria ya shughuli ni mtu mwenye mwiko tu. Pale kicheko kilimwisha.

Akaenda ofisini. Hapo ndipo mateso yalipoanza, na kila aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi anayajua. Dirisha la kwanza walimwambia la pili. La pili walimwambia amekuja siku ambayo si ya malalamiko. Alipokuja siku ya malalamiko, aliambiwa lalamiko haliletwi kwa mdomo, lazima liandikwe, nalo linaitwa rufaa. Akamlipa mtu kuandika rufaa. Akaipeleka, wakaipokea, wakaigonga mhuri, wakamwambia asubiri. Akasubiri. Alikataa shughuli mbili ili asikosekane nyumbani siku wakimwita, na hawakumwita. Alikuwa akirudi kutoka ofisini hasira zimemjaa, ananung'unika peke yake barabarani mpaka wauza samaki wakamwuliza kama yuko salama.

Mwisho alimkuta Laurenti mwenyewe mezani kwake. Akamwambia kwa upole wote aliobaki nao kwamba nyumba ni moja. Laurenti akamkumbusha, kwa upole vilevile, kwamba alisema mwenyewe mbele ya watu ni mbili.

"Nilisema nyumba, bwana karani, sikusema nyumba," alisema Mwinyijuma. "Nilikuwa nasema wake zangu."

Laurenti alikuwa anamheshimu mzee huyu, na ilikuwa inamwumiza kuona anahangaika namna ile. Lakini neno ni neno.

"Mzee, tukianza kuandika wake hapa, hatutamaliza. Nyumba ni yenye mlango. Wewe una milango miwili."

Mwinyijuma alijaribu kueleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kupinda, maana ili kusema nyumba ni moja alilazimika kueleza ukuta, na kueleza ukuta alilazimika kueleza ahadi aliyompa Haji, na ahadi hiyo ilikuwa ni kwamba nyumba ni mbili. Alijisikia akijifunga kamba mwenyewe. Akanyamaza katikati ya sentensi, jambo ambalo wake zake wangelipa fedha kuliona. Laurenti akasema hawezi kufuta, ila atamwomba Bwana Mkadiriaji, yule Mzungu mkubwa wa ofisi, aje kuikagua nyumba kwa macho yake. Mwinyijuma alimshukuru kama aliyepewa nyama.

Habari za mjini hazina miguu lakini zinafika Mwera kabla ya basi. Haji alisikia kwamba shemeji yake anazunguka ofisini akiapa Asmahani hana nyumba. Hakuandika barua wala hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe na kikapu cha mihogo, akaingia upande wa dada yake, akakaa. Mwinyijuma alipokwenda kumsalimia aliitikia vizuri, akauliza hali, akauliza shughuli zinakwendaje. Kisha akasema lililomleta.

"Shemeji, mie sikuja kugomba. Nilikuuliza nyumba ukasema ipo. Ukienda kwa Mzungu ukasema haipo, mie n'takwenda kwa Liwali kumwuliza dada yangu anaishi wapi. Na akikosa jibu, nyumba ya baba yetu Mwera haijaanguka."

Mwinyijuma alitaka kumwambia kuhusu sufuria. Alitaka kumwambia kwamba hii ni hesabu ya serikali tu, haigusi ndoa, haimwondoi mtu chumbani mwake. Lakini aliona Asmahani amesimama nyuma ya kaka yake, macho chini, anasikiliza kila neno, na maneno yote yaliyokuwa yamemjaa kinywani yakakwama. Akasema tu kwamba mihogo ya Mwera siku zote ni mizuri. Akatoka.

Bwana Mkadiriaji alikuja asubuhi ya siku ya zamu ya Mwanamkasi. Alikuwa mtu mrefu, mwekundu wa jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limenyooka. Laurenti alikuwa nyuma yake, koleo la kung'olea misumari mkononi. Walipiga hodi upande wa Mwanamkasi, wakakaribishwa, wakapita kichochoro kile ubavuubavu mpaka uani. Mzungu akatazama kisima. Akatazama choo. Akarudi nyuma akatazama paa la madebe toka pembe hii mpaka pembe ile. Akagonga ukuta wa katikati, ukaita kwa sauti ya ukuta mwembamba uliojengwa kwa haraka. Mwinyijuma alimfuata hatua kwa hatua, na kwa mara ya kwanza tangu karatasi zile zije alianza kuwa na matumaini.

"Nyumba hii ni moja," alisema Bwana Mkadiriaji. "Rufaa yako ni ya haki. Utalipa kodi ya nyumba moja."

Mwinyijuma alimshukuru Mungu kwa sauti. Mambo yangeishia hapo, yangekuwa mazuri. Lakini Mzungu yule alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Akaeleza kwamba nyumba moja ina namba moja, na ikiwa na milango miwili barazani, karani atakayekuja mwakani ataandika mbili tena, na taabu itaanza upya. Kwa hiyo mlango mmoja uzibwe kwa udongo, na kibati chake kirudi ofisini leo. Akamgeukia mwenye nyumba.

"Mlango upi?"

Laurenti akalitayarisha koleo.

Mwanamkasi alikuwa amesimama kwenye mlango wake wa uani, kanga kichwani. Asmahani alikuwa kwenye mlango wake, na Haji nyuma yake. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa na shemeji. Akiuziba mlango wa Asmahani, amevunja ahadi mbele ya macho ya aliyeahidiwa, na kabla ya magharibi mke huyo atakuwa amepanda basi la Pangani na masanduku yake. Akiuziba wa Mwanamkasi, amemfungia nje mwanamke aliyeikanyaga nyumba hii kwa miguu yake. Bwana Mkadiriaji alikuwa anangoja, na hakuelewa anangoja nini. Mwinyijuma alifungua kinywa, akakifunga. Alimchukia Mzungu kwa swali lake, akamchukia Laurenti kwa koleo lake, na kuliko wote akajichukia yeye na ulimi wake wa motoni.

Aliyesema ni Mwanamkasi, na hakupandisha sauti.

"Baba Safari, mbona kimya? Waambie wazibe wangu. Mie udongo huu naujua, hata mkinizibia ndani n'tapata pa kutokea."

"Wala si wako, dada," alisema Asmahani. "Wazibe wangu. Aliyekuja nyuma ndiye mgeni."

Wake hawa walikuwa wamegombania kamba ya kuanikia nguo, wamegombania zamu ya kisima, wamegombania hata kivuli cha ukuta. Leo kila mmoja alikuwa anampa mwenziwe mlango, na Mwinyijuma alitamani wangegombana. Ugomvi angeuweza.

"Bwana," alimwambia Mzungu, "nyumba ni mbili."

Bwana Mkadiriaji alimwuliza kama amesikia vizuri. Akamkumbusha kwamba amesumbua ofisi miezi mizima akisema ni moja, na kwamba sasa hivi amepewa haki yake. Mwinyijuma akasema yote hayo ni kweli, na kwamba alikosea kuleta rufaa. Ziandikwe mbili kama zilivyokuwa. Mzungu alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akatikisa kichwa, akatoka kwa lango la uani bila kupita kichochoroni. Laurenti alibaki nyuma kidogo. Alilitia koleo mfukoni, akawatazama wanawake wale wawili, kila mmoja mlangoni kwake, na uso wake ukabadilika.

"Mzee, sasa nimelielewa lile neno lako," alisema.

"Vizuri. Na kodi?"

"Kodi ni ya mbili, mzee."

Walipoondoka, Mwinyijuma alikwenda pale uani penye masufuria, akalipiga lile kubwa kwa kidole. Lilikuwa limempikia harusi za watoto wa nusu ya Chumbageni. Alijua atalazimika kuliuza alipe kodi, na atakayelinunua ni Idarusi, mpishi wa Ngamiani, aliyekuwa akilitamani tangu zamani na ambaye hajui kupika wali wa nazi. Hilo lilimwuma kuliko bei. Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akakaa, mpaka njaa ikamkumbusha kwamba adhuhuri imepita.

Zamu ilikuwa ya Mwanamkasi. Akaingia kwake akakuta sahani zimeoshwa na kufunikwa. Mwanamkasi alikuwa anashona ukili wa mkeka, hakuinua uso. Alisema leo amepika cha watoto tu, na watoto wamekwisha kula.

"Uliulizwa mlango upi, ukanyamaza," alisema. "Na uliponyamaza, macho yako yalikuwa kwenye mlango wangu. Nenda kale nyumba ya pili. Si umemwambia Mzungu unazo mbili?"

Mwinyijuma alitoka kwa mlango wa mbele, akapita barazani, akabisha hodi upande wa Asmahani. Harufu ya mchuzi wa papa ilikuwa bado iko hewani, lakini sufuria ilikuwa imelazwa kifudifudi. Haji alikuwa amelala usingizi wa mtu aliyeshiba. Asmahani alimjibu kwa adabu kwamba leo si zamu yake, na yeye hawezi kumdhulumu mwenziwe. Mwinyijuma akasema ana njaa.

"Uliponyamaza pale, bwana," alisema Asmahani, "macho yako yalikuwa kwenye mlango wangu. Nimeyaona."

Alirudi barazani akajaribu kukumbuka ni wapi hasa alipotazama wakati ule. Alijitahidi sana, kwa sababu angalau mmoja wao alikuwa anamsingizia, na angempata angekuwa na la kusema. Hakukumbuka. Aliloweza kukumbuka ni koleo la Laurenti tu.

Mwuza mihogo ya kuchoma akapita. Mwinyijuma, aliyekuwa amewalisha watu wa Chumbageni harusi na matanga kwa miaka mingi, akamwita, akanunua kipande, akaomba azidishiwe pilipili. Hakurudi kukaa barazani, kwa sababu upande wowote atakaokaa utakuwa wa mtu. Alikula amesimama barabarani, katikati ya milango yake miwili, na vibati vyote viwili vilikuwa vimesuguliwa asubuhi ile.